Darajani bila daraja

Konda wa daladala akinadi "Darajani, Darajani!" hakuna abiria anayeuliza daraja liko wapi. Halipo. Lilikuwepo zama zile hori la bahari lilipoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na bamvua likijaa mji ukawa karibu kisiwa. Soko la Darajani lilipofunguliwa mwaka 1904 maji yalikuwa bado yanaingia. Baadaye Waingereza wakalifukia hori kipande kwa kipande, barabara ikapita juu yake, na leo jina lake rasmi ni Benjamin Mkapa. Hata Ng'ambo ni jina lililoachwa na maji: ng'ambo ya nini, kama si ya hori lile?

Kilichosalia ni ile "ni" ya mwisho, inayogeuza kitu kuwa mahali. Kitu chenyewe kikiondoka, mahali panabaki na jina. Ukiyashika majina ya Unguja kwa mkia huo, utakuta mji mwingine chini ya huu.

Chukua Forodhani. Jioni watu wanafuata urojo na juisi ya miwa, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani. Forodha ilikuwa nyumba ya ushuru. Katika karne ya 19 Sultani aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri wao Jairam Shivji: walimlipa kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kisha wakajikusanyia ushuru wa karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Hayo ndiyo yaliyopita pale panapogeuzwa mishkaki leo. Miaka ya 1920 bandari mpya ikajengwa Malindi, na mwaka 1936 ikafunguliwa bustani ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub. Jubilei imesahaulika, forodha haikusahaulika.

Hatua chache kaskazini ni Mizingani. Mizinga hii si ya nyuki. Ni ile iliyoelekezwa baharini mbele ya majumba ya Sultani.

Miti nayo ina mitaa yake: Miembeni, Kikwajuni, Michenzani ambako sasa umesimama msitu wa maghorofa ya miaka ya 1970. Lakini Mkunazini ndiyo yenye jina pole na habari nzito. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana, lililosimamiwa na Askofu Edward Steere, yuleyule mwanafunzi mkubwa wa Kiswahili. Mtu asiyejua atadhani mtaa huu haukuwahi kuona lolote ila kunazi.

Mkia huu una mtego pia. Kajificheni haina kitu kiitwacho kajifiche. Ni amri kwa watu wengi: nendeni mkajifiche. Nani aliwaambia, na walimkimbia nani, kila baraza lina hadithi yake, nami siamini hata moja kwa ukamilifu.

Vibao vya mitaa vingeweza kuongezewa mstari mmoja wa historia, na Manispaa isingefilisika. Lakini tusingoje vibao. Wenye wazee waliokulia Funguni na Vikokotoni, waulizeni sasa fungu la mchanga lilikuwa wapi na vikokoto viliishia wapi, kisha yaandikeni.