Kuuguza mtoto hospitalini (Kwala, Mkoa wa Pwani)

Kuuguza mtoto hospitalini ni malezi yanayoendelea wodini pale mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka mitano, anapolazwa kwa wiki kadhaa au miezi. Makala hii inahusu zaidi familia za Kwala, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, na za vijiji jirani vya upande wa Kisarawe, ambazo wagonjwa wao hupelekwa Mlandizi, Tumbi na hatimaye Dar es Salaam. Katika hospitali za umma za Tanzania mama ndiye anayemlisha mtoto, anayemwogesha, anayembeba kwenda kwenye vipimo na anayekesha naye. Bila yeye wodi ya watoto haiendi, ingawa jina lake halimo katika orodha yoyote ya watumishi.

Historia

Huduma za hospitali za ukanda huu zilianza kwa mgawanyo wa rangi. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri Mwismailia wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huohuo. Mwaka 1956 ilifunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru iliitwa Muhimbili. Wodi zake za watoto zilizojulikana zaidi na vizazi vya wazazi wa Pwani ni Makuti A na Makuti B.

Ulaya wakati huo ilikuwa na desturi kali ya kuwazuia wazazi. Hospitali nyingi za Uingereza ziliruhusu mzazi kumwona mtoto wake mara moja kwa wiki au chini ya hapo, kwa hoja kwamba mama akija mtoto hulia, na asipokuja hutulia. Hoja hiyo ilivunjwa na James Robertson wa Kliniki ya Tavistock, London, aliyefanya kazi pamoja na daktari wa akili John Bowlby. Mwaka 1952 Robertson alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili na nusu aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Alionyesha kwamba ule utulivu uliosifiwa na wauguzi ulikuwa mtoto kukata tamaa: kwanza hulia na kumdai mama, kisha hunyamaa na kujikunyata, mwisho hujitenga hata na mama mwenyewe anaporudi. Ripoti ya kamati ya Platt ya 1959 iliishauri serikali ya Uingereza ifungue wodi kwa wazazi na kuwaruhusu mama za watoto wadogo kulala hospitalini.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hiyo kupitia mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyechambua takwimu za Robertson pale Tavistock kabla ya kwenda Uganda mwaka 1954. Huko aliwatembelea mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala na kuona jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo cha kutokea na kurejea. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka 1967. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Hospitali ya Mulago, Kampala, ilianzisha kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, ambako mama wa mtoto mwenye utapiamlo alilazwa pamoja naye na kufundishwa kupika kwa vyakula vya kwao. Kwa hiyo jambo ambalo Uingereza ililifikia kwa kamati na ripoti, hospitali za Afrika Mashariki zililifikia kwa vitendo, kwa sehemu kwa sababu wauguzi hawakutosha na jikoni za hospitali hazikutosheleza.

Kwa Kibaha, hatua kubwa ilikuwa Mradi wa Nordic wa miaka ya 1960, ambao mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Huduma ya afya iliyoanzia hapo ndiyo chimbuko la Hospitali ya Tumbi, leo hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo jina lake limezoeleka redioni kila inapotokea ajali kwenye barabara ya Morogoro.

Ngazi za rufaa

Kwala iko takribani kilomita 90 kutoka Dar es Salaam, kando ya Reli ya Kati. Mtoto huanzia zahanati, kisha Kituo cha Afya Mlandizi, kisha Tumbi. Kesi nzito huendelea hadi Hospitali ya Mloganzila, iliyo njiani kabla ya kufika mjini, au Muhimbili. Wenye magonjwa ya moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), ya ubongo na mifupa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na wenye mguu kifundo au mdomo sungura Hospitali ya CCBRT, Msasani. Mpango wa m-mama, unaotumia namba 115, husafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto aliyekwisha kukua kidogo hutegemea gari la wagonjwa la kituo, bodaboda au basi.

Sababu za kulazwa muda mrefu

Watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, hukaa hadi wafikishe uzito. Matunzo ya kangaruu, yaliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, humweka mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuanza mapema, hata kabla mtoto hajatengemaa, hupunguza vifo kwa robo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanza na maziwa ya F-75 kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, kisha F-100. Aliyeungua kwa uji au maji ya moto huhitaji kubadilishiwa bandeji kwa wiki nyingi, na aliyevunjika paja huweza kukaa mwezi mzima mguu ukiwa umevutwa kwa mzigo.

Selimundu hulaza mara kwa mara badala ya kulaza mara moja. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Saratani ndiyo inayodai muda mrefu kuliko zote. Limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya ulioelezwa na Denis Burkitt mjini Kampala mwaka 1958, hukua haraka lakini huitikia dawa vizuri. Saratani ya damu huhitaji matibabu ya miaka miwili hadi mitatu, ya kuingia na kutoka.

Maisha ya mama wodini

Siku huanza kabla ya jua kwa foleni ya bafu na kufua. Kanga moja ni shuka, nyingine ni pazia, ya tatu humbebea mtoto kwenda maabara. Beseni, chupa ya chai na hotipoti hukaa chini ya kitanda. Mama hulala kwenye mkeka au kiti, au hujikunja kando ya mtoto. Ikitokea vitanda vimejaa, watoto wawili hulala kitanda kimoja, na mama wawili huwa majirani kwa lazima.

Raundi ya madaktari ndiyo kilele cha asubuhi. Mama aliyezoea hujifunza kuwa na majibu tayari: mtoto amekunywa kiasi gani, amekojoa mara ngapi, homa ilipanda saa ngapi, kanula imevimba au la. Wengi hujua majina ya dawa kabla ya kujua majina ya madaktari. Wauguzi wazuri hulitumia hilo. Mama huelekezwa kulisha kwa mpira wa puani, kupima maji kwa kikombe na kuita mtu dripu inapokaribia kwisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma za watoto hospitalini, uliotoka 2005 na kurekebishwa 2013, nao unataka mama akae na mtoto na ahusishwe katika matunzo.

Kwa mtu wa Kwala, saa za kuona wagonjwa asubuhi, mchana na jioni hazina faida kubwa, kwa kuwa ndugu hawawezi kufika kila siku. Chakula cha nyumbani huletwa na shemeji au binamu anayeishi Mbezi au Kimara, na fedha ambazo zingekuwa nauli hutumwa kwa simu. Pengo la ndugu hujazwa na mama wenzake wodini. Wanaokaa muda mrefu huwapokea wageni, huwaonyesha duka la dawa na dirisha la malipo, hushikiana watoto wakati mmoja anaoga, na huitana kwa majina ya watoto: Mama Zawadi, Mama Juma. Mtoto wa mmoja akifariki, wodi nzima hufiwa, na mama waliobaki hulazimika kuwaeleza wanao kitanda kile kimekuwaje.

Mtoto wodini

Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka minne ndiye anayeumia zaidi kwa kutenganishwa, kwa sababu amekwisha kumjua mama lakini hajaweza kuelewa kesho. Hata mama akiwepo, wengi hurudi nyuma: aliyeacha kukojoa kitandani huanza tena, aliyeachishwa ziwa hulidai, aliyekuwa akisema hunyamaza. Wauguzi wenye uzoefu hushauri mtoto aambiwe ukweli kwa maneno mafupi kabla ya sindano, mama asiondoke kwa kunyata, na mtoto asitishiwe kwamba daktari atamchoma akikataa kula.

Michezo ilichelewa kupata nafasi katika hospitali za umma. Mfano bora uko Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha, lililoanza 2011, huwahudumia watoto wenye saratani bila malipo. Pamoja na dawa, lina walimu na michezo kwa watoto walio kwenye matibabu, na nyumba ya Ujasiri kwa familia za mbali ambazo mtoto hahitaji kitanda lakini hawezi kurudi kwao kati ya dozi moja na nyingine. Kwingineko simu ya mama ndiyo chumba cha michezo, na katuni za Akili and Me zinazotengenezwa Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazochezwa sana.

Gharama na sheria

Sera ya Afya ya 2007 inasamehe malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Msamaha huo hupungua nguvu pale dawa inapokosekana dirishani na mzazi akaandikiwa kununua nje. Nauli, chakula cha mama na kazi iliyosimama shambani havimo kabisa. Mwenye shida hupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii, na familia huombwa kuchangia damu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Toto Afya Kadi mwaka 2016 kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ulisitishwa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku nne tu zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto. Taasisi ya Doris Mollel iliongoza kampeni ya mama wa njiti waongezewe likizo ya uzazi, na marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yaliikubali. Mkulima na mama lishe hawaguswi na sheria hizo.

Baba na waliobaki nyumbani

Wodi nyingi haziruhusu wanaume kulala. Baba hutafuta fedha na kusaini fomu. Watoto wengine hubaki kwa bibi mzaa mama, ambaye kwa Wazaramo na Wakwere ana sauti kubwa katika malezi.

Imani

Zamani degedege la mtoto lilihusishwa na shetani au ndege wa usiku, na familia ilikwenda kwa mganga kabla ya hospitali. Siku hizi wengi hutumia njia zote mbili.

Hali ya sasa

Kwala sasa inajulikana zaidi kwa bandari kavu, iliyozinduliwa Julai 2025, na kwa barabara ya zege ya kutoka Vigwaza iliyojengwa kwa ajili ya malori ya makontena. Barabara hiyo imefupisha safari ya mgonjwa kufikia barabara kuu. Wakazi wanaongezeka kwa ajili ya viwanda, na mahitaji ya vitanda vya watoto Mlandizi na Tumbi yanatarajiwa kukua.