Jina la "Dada": Utunzaji na Upendo katika Fikra za Wanawake Weusi, Likitazamwa Kutoka Sinza

Katika ufeministi wa wanawake weusi, yaani fikra inayochambua ukandamizaji wa kijinsia pamoja na ule wa rangi na wa tabaka bila kutenganisha mmoja na mwingine, upendo ni kazi kabla ya kuwa hisia. Patricia Hill Collins, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza jinsi wanawake wa jamii za Wamarekani weusi wanavyowalea watoto wasiowazaa bega kwa bega na mama zao, ilhali bell hooks, ambaye alitaka jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, alisisitiza katika All About Love, kilichotoka mwaka 2000, kwamba kutunza ni sehemu moja tu ya upendo, kwa kuwa mtoto anaweza kulishwa na kuvishwa vizuri katika nyumba ileile anamopigwa na kudhalilishwa.

Hoja ya Collins haimshangazi msomaji wa Kiswahili, aliyekua mikononi mwa mama mkubwa, mama mdogo, shangazi na bibi, na pengine ndiyo maana huipokea upesi mno. Mwalimu Nyerere, aliyejenga nadharia nzima ya Ujamaa juu ya undugu wa namna hiyo, alikiri mwaka 1967 katika Ujamaa Vijijini kwamba wanawake walibeba kazi kupita fungu lao, na Azimio la Arusha la mwaka huohuo lilisema kwamba wale wa vijijini wakati mwingine walifanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Undugu ulikuwepo, lakini mzigo wake haukugawanywa.

Sinza, jijini Dar es Salaam, ambako viwanja vilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na ambako wengi bado hukuhesabu Kinondoni ingawa sasa kumo katika Wilaya ya Ubungo, shangazi mara nyingi yuko mkoani, na nafasi yake imeshikwa na dada wa kazi. Huyu ndiye anayeamka kabla ya wote, akakoroga uji, akamvalisha mtoto sare na kusimama naye getini gizani kusubiri gari la shule. Na mtoto akiota ndoto mbaya usiku, jina analoliita huwa ni lake. Hata hivyo dada wa kuzaliwa haambiwi ale jikoni wageni wakija. Jina hilo halimdanganyi anayeitwa, bali humtuliza anayeita, kwa maana likishatamkwa mshahara hugeuka hisani, na ombi la siku ya kupumzika huonekana kukosa shukrani. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2013 ilimtambua kuwa mfanyakazi, ikamwekea shilingi 40,000 kwa mwezi yule anayelala kwa mwajiri wa kawaida, kiwango ambacho chenyewe kinaonyesha utunzaji ulithaminiwa kwa kiasi gani. Hapa hoja ya hooks inahitaji kugeuzwa: yeye alimtazama anayetunzwa pasipo kupendwa, na Sinza inamdai msomaji amtazame anayetunza pasipo kupendwa.

Kwamba jina tamu linaweza kufunika jeraha si jambo geni mtaani hapo. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na ofisi Sinza Mori, kilipaza sauti baada ya mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kujiua Februari 1990, kufuatia unyanyasaji wa kundi la wanafunzi lililojificha nyuma ya jina la Punch. Vitendo vya kundi hilo vilikuwa vimezoeleka kuchukuliwa kama mchezo wa chuoni. Wanahabari hao waliviita ukatili, na chama chao kilikuwa miongoni mwa waliopigania Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Wapo watakaosema kwamba upendo ukianza kuhesabiwa unakufa. Wanawake wa mtaa huohuo wanawajibu kila wiki katika vikoba vyao, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, ambamo kisanduku hufungwa kwa kufuli tatu na funguo kushikwa na wanachama watatu tofauti, hisa huandikwa mbele ya macho ya wote, na mchango wa mfuko wa jamii, unaotolewa kwa msiba na ugonjwa, huingizwa kwenye leja pamoja na jina la aliyetoa na la aliyepewa. Hakuna anayeona kwamba kalamu imepunguza huruma. Anayeuguza huenda kwa wenzake bila kupiga magoti, kwa kuwa anachokwenda kuchukua kimeandikwa kuwa haki yake. Nyumba yenye mwanachama wa kikoba, basi, ina leja ya hisa zake na za wenzake, na saa ambazo dada alibaki na watoto ili mama ahudhurie kikao hazimo ndani yake.