Farasi wa Kinu na Injini ya Watt

Mara nyingi twasikia watu wakiisifu motakaa kwamba ina nguvu za farasi mia, lakini ni wachache waulizao farasi huyo ni yupi, na ni nani aliyempima.

James Watt, fundi wa Uskoti, na mwenziwe Matthew Boulton walitengeneza injini za mvuke huko Birmingham, Uingereza. Wenye migodi waliwalipa theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa kuliko katika injini za zamani. Lakini wapika bia hawakuwa na injini za zamani. Walikuwa na farasi tu. Neno lao lilikuwa moja: injini hii itaniondolea farasi wangapi? Pasipo kipimo cha haki, ama mnunuzi angepunjwa, ama Watt angekosa ujira wake.

Basi Watt akamtazama farasi wa kinu, azungukaye kama alivyozunguka zamani ngamia wa kinu cha mafuta kule Unguja. Alihesabu kwamba farasi yuko futi 12 kutoka kwenye mhimili, avuta kwa ratili 180, naye huzunguka kama mara mbili na nusu kwa dakika. Huo ni mwendo wa futi 188. Ukizidisha kwa 180 wapata karibu 34,000. Mwaka 1783 Watt akashika 33,000, na hicho ndicho kipimo hata leo.

Tuangalie sana hapa. Ratili 180 mara futi 12 ni 2,160: hiyo ni nguvu ya kuzungusha. Kinu kikikwama, farasi aweza kusukuma vivyo hivyo hata jioni, asisage hata punje moja. Nguvu za farasi hupatikana nguvu ya kuzungusha ikiunganishwa na wepesi wa mzunguko. Ndiyo sababu injini ndogo iendayo mbio na injini kubwa ya trekta iendayo polepole zaweza kuwa na farasi sawasawa. Dereva wa lori apandapo mlima hutia gia ndogo: magurudumu hupunguza mwendo, yakapata nguvu ya kuzungusha. Farasi hawakuongezeka hata mmoja.

Je, Watt alipima kwa haki? John Smeaton, fundi mashuhuri, alikadiria farasi karibu 22,900 tu. Wengine husema Watt alikuwa mkarimu; sisi twadhani alijua biashara, maana mnunuzi aliyepata zaidi ya alichoahidiwa hakurudi kulalamika. Injini iliyowekwa mwaka 1785 katika kiwanda cha bia cha Whitbread, London, ilifanya kazi hata mwaka 1887.