Majina ya Tengeru

Mara ya kwanza niliposimama kwenye makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, nje ya Arusha, nilisoma jina moja kwa sauti: Stanisław. Nikalitamka Stanislau, nikaona haya. Nimekulia Chunyu, Ruangwa, na najua jina likiharibiwa linavyouma. Bibi yangu, Mmwera, alizikwa na jina ambalo karani mmoja aliliandika alivyolisikia yeye.

Nikatafuta kitabu cha kujifunza Kipolandi. Nilichopata kimeandikwa kwa Kiingereza, na karibu kila ukurasa kinawapa pole wasomaji wake. Kinawaonya kwamba mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwetu hilo si onyo. Ndivyo tunavyotamka korosho na karanga. Kinawaonya pia kwamba kitenzi humbeba mtendaji: czytam, karibu na “chitam”, ni “ninasoma”. Ile m ya mwisho ndiyo ni- yetu iliyohamia mkiani. Kivumishi nacho hufuata nomino: nyumba, dom, ni dobry, lakini kitabu, książka, ni dobra. Aliyezoea nyumba nzuri na kitabu kizuri hatishwi na jinsia tatu.

Kilichonitoa jasho ni majina yenyewe, ambayo hubadilika miisho kwa hali saba. Nchi ni Polska. Ukiwa ndani yake, uko w Polsce. Ukiielekea, unakwenda do Polski.

Hapo sarufi ilinirudisha makaburini. Kuanzia Februari 1940, Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu raia wengi wa mashariki mwa Polandi hadi Siberia na Kazakhstan. Baada ya makubaliano ya 1941 waliachiliwa, na mwaka 1942 maelfu walivushwa hadi Iran. Kutoka huko, takriban 18,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika Mashariki na Kusini. Tengeru ilipokea karibu 5,000. Wengine walikaa Kidugala, Ifunda na Kondoa. Walijenga shule na kanisa, watoto wakafundishwa kwa Kipolandi chini ya Mlima Meru.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mipaka ilikuwa imesogezwa. Vijiji vingi walikotoka vilikuwa sasa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Do Polski, kwenda Polandi: lakini ipi? Wengi waliishia Uingereza, Kanada na Australia. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliofia hapa walibaki.

Sitaki kuwafanya malaika. Mwandishi wao Henryk Sienkiewicz alifika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891, na miaka 20 baadaye akatoa riwaya ya watoto iliyopendwa sana kwao. Ndani yake kuna kijana Mwafrika, Kali, anayejitaja kwa jina lake na kutumia vitenzi visivyonyambulika, kana kwamba ungesema “Juma kwenda, Juma kula”. Nilipoisoma nilicheka kwa uchungu, kwa sababu hivyo hasa ndivyo walowezi wa Kenya walivyozungumza Kiswahili, hata lahaja yao ikaitwa Kisetla. Bwana alivunja sarufi yetu kila siku, na bado kwenye riwaya asiyejua kusema akawa ni sisi.

Ndiyo maana nilijifunza hadi mwisho wa kitabu. Sikutaka kuwalipa Wapolandi kwa kipimo kilekile.

Mwaka uliofuata nilirudi Tengeru. Sasa nilijua kwamba ł ni w yetu, na w yao ni v, ila mwishoni mwa neno husikika f. Nikasimama palepale, nikasema taratibu: Stanyiswaf. Mkazo ukatua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ungetua kwenye jina la mtu wa kwetu.

Bado lipo kaburi la Chunyu. Nimeshaongea na fundi. Safari hii jina la bibi nitaliandika mwenyewe.