Mbwa anayejua kukataa: zaidi ya miaka 100 ya msaidizi wa majeruhi wa vita

Juni 1928, kijana wa miaka 20 kutoka Nashville, jimbo la Tennessee, alisimama ukingoni mwa West Street, barabara pana ya bandarini jijini New York. Aliitwa Morris Frank. Jicho la kwanza lilipotea akiwa na miaka sita, la pili akiwa na miaka 16. Sasa alikuwa ametoka Uswisi na mbwa jike aitwaye Buddy. Waandishi wa habari waliokuja kumpokea walikuwa na neno moja: kama kweli mbwa huyu anaongoza, na amvushe hapa, tuone.

Frank akashika mshiko wa mkanda uliofungwa mwilini mwa mbwa, akatoa amri ya kwenda mbele. Malori yalinguruma pande zote. Buddy akaenda hatua chache, akasimama. Akarudi nyuma. Akaenda tena. Katika kelele zile Frank hakujua tena mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Kilichobaki ni kuufuata mshiko. Alipokanyaga ukingo wa pili alikuwa mzima, na simu ya maandishi aliyoipeleka Uswisi ilikuwa na neno moja tu, la kusema wamefaulu.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ushujaa wa mbwa. Lakini tazama vizuri kilichotokea katikati ya barabara. Bwana wake alimwambia nenda, naye akasimama. Uhai wa Frank siku ile ulitegemea zile hatua ambazo Buddy alikataa kuzipiga.

Gesi, makombora na giza

Frank hakuwa askari, lakini elimu iliyomvusha ilianza na askari. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya gesi ya klorini ikapeperushwa na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui. Mwaka 1917 ikaja gesi ya haradali, inayounguza ngozi na macho. Ukiongeza risasi na vipande vya makombora, vijana waliokwenda Vita Kuu ya Kwanza wakiwa wazima walirudi makwao wakipapasa kuta.

Ujerumani ilikuwa tayari na mbwa wa tiba, waliofundishwa kuwatafuta majeruhi waliolala uwanjani baada ya mapigano. Daktari Gerhard Stalling alikuwa kiongozi wa chama kilichowaandaa mbwa hao. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akitembea na mgonjwa asiyeona katika viwanja vya hospitali, akaitwa ghafla, akamwacha mgonjwa pamoja na mbwa wake. Aliporudi aliona mbwa yule anamchunga mgonjwa kana kwamba amekabidhiwa kazi. Daktari akaondoka pale na swali: je, anayejua kumtafuta majeruhi hawezi kufundishwa kumwongoza?

Agosti 1916 Stalling alifungua katika mji wa Oldenburg shule ya kwanza duniani ya mbwa wa kuwaongoza wasioona. Mwaka huohuo askari Paul Feyen akakabidhiwa mbwa wake. Shule ilipanuka, ikafungua matawi, ikafikia kutoa hadi mbwa 600 kwa mwaka. Baadhi yao walipelekwa Ufaransa, Uingereza na Marekani, nchi ambazo muda mfupi kabla ya hapo zilikuwa zikipigana na Ujerumani. Oldenburg ilifungwa mwaka 1926, lakini kazi haikufa: tangu 1923 kulikuwa na kituo kikubwa zaidi Potsdam, karibu na Berlin, kilichoweza kuwa na mbwa wapatao 100 kwa wakati mmoja na kutoa hadi 12 waliohitimu kila mwezi.

Namna mbwa anavyofundishwa kukataa

Kumfundisha mbwa kutii si kazi ngumu. Wafugaji, wawindaji na walinzi wamefanya hivyo tangu zamani. Kigumu ni kumfundisha lini asitii. Wakufunzi humpa mbwa amri ya kwenda mbele wakati gari linakuja, au mbele kuna shimo, kisha humsifu pale anapogoma. Zoezi hurudiwa mara nyingi, mpaka mbwa aelewe kwamba amri ya bwana ina mpaka, na mpaka wenyewe ni usalama wa bwana. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita ukaidi wa busara.

Kuna somo jingine, nalo ni la maumbile. Mbwa hupita chini ya tawi bila kuliona ni tatizo, kwa kuwa tawi halimgusi. Mtu aliye nyuma yake litampiga usoni. Katika miaka ya 1930, mwanasayansi Jakob von Uexküll wa Hamburg na mwenzake Emanuel Sarris walimfunga mbwa kigari chenye fremu ya urefu na upana wa mtu. Kila fremu ilipogonga kitu, mbwa alijifunza kwamba mwili wake sasa umekuwa mkubwa kuliko ngozi yake, na kwamba njia inayomtosha yeye huenda isiwatoshe wawili.

Wengi wetu tumemwona mzee asiyeona akiongozwa na mjukuu, mtoto mbele ameshika ncha ya fimbo, mzee nyuma ameshika ncha nyingine. Ni picha ya upendo. Lakini mjukuu akienda shule, mzee hubaki barazani mpaka jioni. Kijana wa miaka 22 aliyerudi kutoka mahandakini hakuogopa giza peke yake. Aliogopa kukaa barazani maisha yote, akisubiri mtu apate nafasi. Mbwa alimrudishia uwezo wa kusema natoka, kisha akatoka.

Elimu inavuka bahari

Aliyeitangaza kazi ya Potsdam kwa dunia alikuwa Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyeishi Mont Pèlerin nchini Uswisi, akizalisha na kufundisha mbwa wa jamii ya Jeman shepadi kwa ajili ya kazi za polisi na jeshi. Tarehe 5 Novemba 1927 gazeti la Saturday Evening Post lilichapisha makala yake kuhusu askari wa Ujerumani wasioona na mbwa wao. Nashville, baba yake Morris Frank alimsomea mwanawe makala hiyo. Kijana akamwandikia Bi. Eustis, akaalikwa Uswisi, akarudi na Buddy. Tarehe 29 Januari 1929 shule ya The Seeing Eye ilianzishwa Nashville, baadaye ikahamia New Jersey, na ipo mpaka leo.

Uingereza ilifuata mwaka 1931. Kina mama wawili, Muriel Crooke na Rosamund Bond, walianza kazi Wallasey, karibu na Liverpool. Mbwa wao wa kwanza walikuwa wanne, Judy, Flash, Folly na Meta, na miongoni mwa waliokabidhiwa walikuwamo wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta kizazi kipya cha majeruhi. Mwaka 1942 shule ya Guide Dogs for the Blind ilianzishwa California kwa ajili ya askari hao, na mwaka 1944 sheria iliruhusu shirika la serikali ya Marekani linalohudumia maveterani kuwapatia mbwa wale waliopoteza macho. Wakati huohuo, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Richard Hoover alikuwa akibuni mbinu za kutembea kwa fimbo ndefu nyeupe, ambazo bado zinafundishwa duniani kote. Fimbo humwambia mwenye nayo kwamba kuna kitu mbele. Mbwa humpitisha kando ya kitu hicho.

Majeraha yasiyoonekana

Kwa karibu miaka 60, mbwa hawa walikuwa wa wasioona. Mwaka 1975 Bonita Bergin alianzisha California shirika la Canine Companions. Alikuwa amesafiri Asia, akaona watu wenye ulemavu wakijiegemeza kwa punda waliowabebea bidhaa zao, akajiuliza kwa nini mbwa asifanye kazi kama hiyo kwa mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mbwa wakaanza kufundishwa kufungua milango, kuwasha taa na kuokota vilivyoanguka. Majeruhi waliokatwa miguu au kuvunjika uti wa mgongo wakapata msaidizi.

Likabaki jeraha lisilo na bandeji. Katika Vita Kuu ya Kwanza liliitwa mshtuko wa makombora, na wapo waliolidhania kuwa ni woga. Mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza rasmi katika kitabu chao cha magonjwa. Ni kiwewe: askari yuko nyumbani, lakini mwili wake bado uko vitani. Mlango ukijibamiza, moyo unakimbia. Dukani anatafuta ukuta wa kuegemeza mgongo. Usiku anapiga kelele, na mkewe hathubutu kumgusa.

Mbwa wa askari huyu hafundishwi kutazama barabara. Hufundishwa kumtazama mtu. Ndoto mbaya inapoanza, pumzi na harakati za mwili hubadilika. Mbwa huzitambua, huvuta shuka au kuwasha taa kwa pua, humlamba usoni mpaka aamke. Kwenye foleni husimama nyuma ya bwana wake, ili asiye na macho kisogoni ajue kuna anayelinda upande huo. Hofu inapopanda, mbwa hujilaza juu ya mapaja yake kwa uzito wake wote, na pumzi hushuka polepole.

Hapa ukaidi wa busara unarudi kwa sura nyingine. Mtu mwenye kiwewe akiachwa hujifungia ndani, akazima simu, akafunga mapazia. Mbwa hakubaliani na mapazia. Lazima atoke, alishwe, apigwe brashi, na saa yake ikifika atamsukuma bwana wake kwa pua hata kama jana yake hakulala. Askari aliyeona hana sababu ya kuamka anaamka kwa sababu ya mwingine.

Endal na mtu aliyesahau maisha yake

Mfano unaojulikana sana ni wa Mwingereza Allen Parton, mwanamaji aliyeumia kichwa mwaka 1991 wakati wa vita vya Ghuba. Alirudi katika kiti cha magurudumu, maneno yakimpotea, na kumbukumbu za ndoa yake na kuzaliwa kwa watoto wake zimefutika. Mkewe alikuwa akijitolea kulea mbwa wa mafunzo. Kwa simulizi ya Parton mwenyewe, siku moja alikuwapo kituoni, akaangusha kitu, na Labrado mmoja kijana akakiokota na kumwekea mapajani. Parton hakusema neno. Mbwa akaenda kwenye rafu za duka la mazoezi, akaleta kitu kingine, na kingine, mapaja yakajaa. Parton akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Mbwa huyo ni Endal. Alikuwa na tatizo la viungo lililotishia kumwondoa kazini hata kabla hajaianza. Kwa kuwa Parton hakuwa na maneno, Endal alijifunza ishara zake za mkono, na alijua kuchukua kadi na fedha kwenye mashine ya benki. Mwaka 2001 gari lilimgonga Parton kwenye maegesho ya hoteli, akaanguka akiwa amezimia. Endal akamvuta akamlaza ubavu, namna ambayo huzuia mtu kupaliwa, akamfunika blanketi, akamletea simu karibu na uso, kisha akaenda kubweka hotelini mpaka watu wakaja. Amri haikuwapo, aliyezoea kuitoa alikuwa hajitambui. Endal alifariki mwaka 2009. Mwaka uliofuata Parton alianzisha Hounds for Heroes, shirika linalowapatia mbwa wanajeshi walioumia.

Serikali zachelewa

Mbwa mmoja wa namna hii huchukua takriban miaka miwili kuandaliwa, na gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Sehemu kubwa ya mzigo huo imebebwa na wafadhili, familia zinazolea watoto wa mbwa, na hata wafungwa: tangu 2006 wafungwa wa mpango wa Puppies Behind Bars, Marekani, wamekuwa wakiwalea mbwa kwa ajili ya maveterani.

Mwaka 2012 kanuni za shirika la maveterani la Marekani ziliruhusu kugharimia matibabu ya mbwa wa wenye ulemavu wa mwili, lakini mbwa wa wenye kiwewe waliachwa nje kwa hoja kwamba ushahidi hautoshi. Utafiti wa shirika hilo uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa waliopewa mbwa msaidizi walipungukiwa dalili za kiwewe kidogo zaidi kuliko waliopewa mbwa wa kuliwaza tu, na walikuwa na mawazo machache ya kujiua. Tarehe 25 Agosti mwaka huo Rais Joe Biden alitia saini sheria ya majaribio ya miaka mitano inayowawezesha maveterani wenye kiwewe kufundisha mbwa kama sehemu ya tiba yao.

Nasema wazi: ni kuchelewa kunakouma. Nchi iliyopata fedha ya kumpeleka kijana vitani haikupaswa kumwachia mfadhili kazi ya kumrudisha. Mbwa haponyi kiwewe, wala harudishi macho, na hawezi kushika nafasi ya daktari au ya jamaa. Lakini kwa yule ambaye ametibiwa na bado hawezi kufika dukani, yeye ndiye anayemfikisha.

Mafunzo yanapokwisha, askari asiyeona na mbwa wake hupelekwa mitaani kwa mazoezi ya mwisho. Askari hufika ukingoni mwa barabara, husikiliza, huamini njia ni nyeupe, husema twende. Mshiko hausogei. Jeshini alifundishwa kwamba amri haikataliwi, na wapo wenzake waliokufa wakiitii. Sasa anasimama mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya mshiko, na gari ambalo hakulisikia linapita mbele yake. Anainama, anampapasa mbwa shingoni, anasubiri.