Nani Mwenye Ufunguo? Historia ya Makutano ya Mashujaa katika Vitabu vya Katuni vya Marekani

Utangulizi

Katika ngano za Kiswahili, Sungura hahitaji ruhusa ya mtu yeyote ili akutane na Fisi. Fanani huwaita wahusika wake kama apendavyo: leo Sungura amlaghai Simba, kesho ashindwe mbio na Kobe, wala hapana mahakama itakayouliza kisa hicho ni cha nani. Abunuwasi naye, ambaye chanzo chake ni mshairi aliyeishi Baghdad katika karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, amebebeshwa na wasimulizi wa pwani visa ambavyo kwingineko husimuliwa juu ya Juha; na hakuna aliyedai fidia. Katika fasihi ya namna hii mhusika ni mali ya kila asimuliaye.

Makala haya yanakusudia kuchunguza hali iliyo kinyume kabisa cha hiyo, yaani ile ya vitabu vya katuni vya Marekani, ambamo kila shujaa ana mwenyewe kisheria. Huko, shujaa wa kampuni moja hawezi kukutana na shujaa wa kampuni nyingine mpaka mkataba utiwe sahihi. Visa vya namna hiyo tutaviita hadithi za makutano. Wasomaji wengi huvijadili kwa swali moja tu: nani angemshinda nani? Rai yetu ni kwamba swali lenye uzito zaidi ni la umiliki. Mlango kati ya malimwengu hayo ulifungwa na kufunguliwa na wenye mali, ilhali waliowabuni mashujaa na waliowaandika walikuwa, mara nyingi, wakibisha hodi kutoka nje.

Mhusika kama mali

Superman alitokea mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics. Waliombuni walikuwa vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, nao walimwuza pamoja na haki zake zote kwa dola 130. Tangu siku hiyo mwenye Superman akawa kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la DC.

Thamani ya mali hiyo ilidhihirika upesi. Mwaka 1940 kampuni ya Fawcett ilimtoa Captain Marvel, shujaa aliyebuniwa na Bill Parker na C. C. Beck, ambaye kwa kipindi fulani mauzo yake yaliyapita ya Superman. Mwaka 1941 DC ilikwenda mahakamani ikidai kwamba huyo ni nakala ya shujaa wake. Mashtaka hayo yalidumu miaka 12. Mnamo 1953 Fawcett ilikubali kulipa dola 400,000 na kuacha kumchapisha.

Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1972 DC yenyewe ilimkodi Captain Marvel kutoka kwa Fawcett, na mwaka 1976 ikamkutanisha na Superman katika Justice League of America. Wale waliokuwa mahasimu mahakamani sasa walishirikiana kurasani. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuponyoka: kampuni ya Marvel ilikuwa imemtoa Captain Marvel wake mwaka 1967, kwa hiyo DC ililazimika kuuza kitabu chake kwa jina la Shazam! Hapa tunaona jinsi ambavyo hata jina la mhusika, kitu chepesi kuliko vyote, laweza kutengwa na mwili wake kwa nguvu ya sheria.

Mlango wa uani

Waandishi wa kizazi kilichofuata walikuwa wamelelewa na vitabu vya kampuni zote mbili, na walitamani kuyaona malimwengu hayo yakigusana. Kwa kuwa hawakuwa na ufunguo, walipita mlango wa uani. Mwaka 1969 Roy Thomas aliingiza katika The Avengers, kitabu cha Marvel, kundi la waovu lililofanana waziwazi na mashujaa wa DC: Hyperion alikuwa kivuli cha Superman, na Nighthawk kivuli cha Batman. Mwaka 1971 Mike Friedrich alijibu kwa kuwaleta vivuli vya Avengers katika Justice League of America.

Jaribio lililo la ujasiri zaidi lilifanywa mwaka 1972. Waandishi watatu marafiki, Steve Englehart, Gerry Conway na Len Wein, walikubaliana kimyakimya kuandika kisa kimoja katika vitabu vitatu. Englehart aliandika Amazing Adventures na Conway aliandika Thor, vyote vya Marvel. Wein aliandika Justice League of America ya DC. Matukio yote yalitokea usiku mmoja katika mji mdogo wa Rutland, Vermont, wakati wa gwaride la Halloween. Hakuna kitabu kilichowataja mashujaa wa kampuni ya pili. Waliotoka katika kitabu kimoja na kuingia katika kingine walikuwa waandishi wenyewe pamoja na Glynis Wein, kwani walijitia kisani kama wahusika. Msomaji aliyenunua vitabu vyote vitatu na kuvisoma pamoja ndiye peke yake aliyeuona ukamilifu wa kisa.

Ubunifu huu una maana kubwa. Waandishi hao hawakummiliki Thor wala Superman, ila walijimiliki wenyewe. Basi wakavuka mpaka kwa miili yao, kwa kuwa ile ya mashujaa ilikuwa imefungiwa.

Mkataba wa 1976

Mlango wa mbele ulifunguliwa Januari 1976, kilipotoka kitabu cha Superman vs. the Amazing Spider-Man. Wazo lililetwa na wakala wa waandishi, David Obst, na likakubaliwa na Stan Lee kwa upande wa Marvel na Carmine Infantino kwa upande wa DC. Kitabu kilikuwa na umbo kubwa, kikauzwa kwa dola 2, ilhali kitabu cha kawaida wakati huo kilikuwa senti 25. Aliyepewa kazi ya kukiandika ni Gerry Conway, yule yule wa Rutland. Mchoraji alikuwa Ross Andru. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuwashughulikia mashujaa hao kwa nyakati mbalimbali.

Muundo wa kisa unasomeka kama hati ya mapatano. Kwanza Superman anapewa sehemu yake peke yake, akipambana na Lex Luthor. Kisha Spider-Man anapewa yake, akipambana na Doctor Octopus. Waovu hao wanakutana gerezani, mmoja kutoka kila upande. Mashujaa wanapogombana, ni kwa sababu ya hila: Luthor anammulika Spider-Man kwa siri kwa mnururisho wa jua jekundu ili apate nguvu za kumkabili Superman. Mnururisho unapokwisha, ugomvi nao unakwisha, na hatimaye wote wawili wanashinda pamoja. Hakuna aliyeshindwa, kwa maana hakuna kampuni ambayo ingekubali mali yake ishindwe. Wahenga walinena kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wanunuzi walitazama ngumi, na kampuni zote mbili zikahesabu mapato.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likitendeka. Siegel alikuwa akifanya kazi ya ukarani na Shuster alikuwa karibu kupofuka. Wachoraji wenzao, hasa Neal Adams na Jerry Robinson, waliongoza kampeni ya kuwatetea hadharani, huku filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa. Mnamo Desemba 1975, wiki chache tu kabla ya kitabu cha makutano kutoka, kampuni ya Warner, iliyoimiliki DC, ilikubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao katika hadithi za Superman. Matukio haya mawili hayana budi kusomwa pamoja. Kampuni zilizokuwa zikishindana ziliweza kupatana kuhusu mashujaa wao kwa biashara ya kitabu kimoja; waliombuni mmoja wa mashujaa hao walingoja miaka mingi ili majina yao yarudishwe.

Kurasa 21

Mafanikio ya 1976 yalizaa vitabu vingine, na kampuni zikapokezana zamu ya kuvitayarisha. Mwaka 1981 Superman na Spider-Man walikutana tena, na Batman akakutana na Hulk katika kisa kilichoandikwa na Len Wein. Mwenzi mwingine wa Rutland alikuwa sasa mgeni wa heshima. Mwaka 1982 Chris Claremont na Walt Simonson waliwakutanisha X-Men na Teen Titans.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya makundi makuu, Justice League na Avengers. Conway alitunga kisa, na George Pérez, mchoraji aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30, akaanza kazi mwaka 1983. Alikuwa amekwisha kuchora kurasa 21 mradi ulipokwama. Mhariri mkuu wa Marvel, Jim Shooter, hakuridhika na kisa. DC nayo ilikuwa na malalamiko yake. Kila upande ukaulaumu mwingine hadharani. Kurasa hizo zikabaki kabatini. Mlango ulifungwa, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1994, Batman alipokutana na Punisher.

Mlinda mlango aliyefungiwa

Mnamo 1996, biashara ya katuni ilipokuwa ikiporomoka, kampuni hizo zilitoa vitabu vinne vilivyowapiganisha mashujaa wao, na matokeo ya mapambano matano yakaamuliwa kwa kura za wasomaji. Superman alimshinda Hulk, lakini Wonder Woman alishindwa na Storm. Walichanganya hata mashujaa: Batman na Wolverine wakawa mtu mmoja, Dark Claw, katika vitabu 12 vya jina la Amalgam. Desemba mwaka huo huo Marvel iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi.

Mabadiliko mawili yanafaa kuzingatiwa. Katika kitabu cha 1976 Superman na Spider-Man waliishi katika dunia moja, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini hawakuwa wamekutana hapo kabla. Kufikia 1996 kila kampuni ilikuwa ulimwengu kamili wenye ukuta wake, na kisa chenyewe kilihusu ukuta huo. Mpaka wa kisheria ulikuwa umegeuzwa kuwa sehemu ya ngano. Pili, alibuniwa kijana aitwaye Access, ambaye kazi yake ni kulinda njia kati ya malimwengu hayo mawili. Kwa kuwa anamilikiwa na kampuni zote mbili kwa ubia, Access hawezi kuonekana popote ila zote mbili zikubali. Mlinda mlango mwenyewe amefungiwa nje ya nyumba zote.

Hitimisho

Kitabu cha Justice League na Avengers hatimaye kilitoka mwaka 2003 na 2004, kikiandikwa na Kurt Busiek na kuchorwa na Pérez yule yule, miaka 20 baada ya jaribio la kwanza. Zile kurasa 21 nazo zikachapishwa mwaka 2004. Baada ya hapo ukaja ukimya mrefu. Marvel ilinunuliwa na Disney mwaka 2009, DC ikabaki chini ya Warner, na mashujaa wakawa mali ya sinema zaidi kuliko ya vitabu. Ni mwaka 2025 tu ndipo Batman na Deadpool walipokutana katika vitabu viwili, kimoja cha kila kampuni.

Lakini katikati ya ukimya huo mlango uliwahi kufunguliwa kidogo. Desemba 2021 Pérez alitangaza kwamba ana saratani isiyotibika. Mapema mwaka 2022 kampuni zote mbili ziliruhusu kitabu chake kichapwe upya, nakala 7,000, kwa faida ya Hero Initiative, shirika la hisani linalowasaidia waandishi na wachoraji wa katuni wenye shida. Pérez alifariki tarehe 6 Mei 2022. Kwa mara hiyo moja, ufunguo ulizungushwa kwa ajili ya mchoraji na wenzake wa kazi.

Sisi tunaokusanya ngano na kuzitia vitabuni tuna la kujifunza hapa. Ngano inapotoka kinywani na kuingia katika chapa, hupata mchapishaji, mkataba na hakimiliki. Yatupasa kuuliza mapema, kabla wino haujakauka, kama fanani ametajwa jina lake, na kama Sungura ataweza bado kukutana na amtakaye.