Bunduki ya Nyumbani na Bunduki ya Njiani



Swali la leo linatufikia kwa simu za mbali. Kuanzia 2007 Marekani ilipokea maelfu ya Warundi waliokimbia 1972 na kuzeeka kambini Tanzania. Watoto wao wakipiga simu wanasimulia mambo mengi, na moja ni hili: kuna majimbo ambapo mtu anaingia dukani kununua maziwa na bastola iko kiunoni, na hakuna anayemwita polisi. Anayesikiliza huku anauliza, hiyo ni haki kweli? Na kama ni haki ya binadamu, mbona sisi hatuna?

Usilicheke swali hilo. Katika mji ambao kila mtu wa makamo amewahi kulala sakafuni kwa kuogopa risasi, ni swali la mtu mwenye akili.

Tuanze na Marekani wenyewe. Katiba yao iliongezwa mwaka 1791 kifungu kifupi kuhusu haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Kwa zaidi ya miaka 200 walibishana kama haki hiyo ni ya kila mtu au ni ya wanamgambo wa majimbo. Mwaka 2008, katika kesi iliyoitwa Heller, Mahakama ya Juu ilisema ni ya kila mtu, ikizungumzia bastola ya kujilinda nyumbani. Ikabaki barabara. Jimbo la New York lilikuwa na sheria ya zamani, iliyoanza 1911, iliyomtaka anayeomba kubeba bastola nje aonyeshe kwamba ana sababu ya pekee kuliko watu wengine. Tarehe 23 Juni 2022, majaji 6 dhidi ya 3 waliivunja sheria hiyo katika kesi ya Bruen. Walisema haki haiishii mlangoni kwako.

Kilichonivutia mimi ni njia waliyopita kufika hapo. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu hiyo, alisema sheria ya silaha ipimwe kwa historia ya nchi: je, wazee wetu walizuia jambo hili, au waliliacha? Wakafukua mpaka sheria ya Uingereza ya mwaka 1328, iliyokataza watu kutembea na silaha kwenye magulio na masoko. Yaani hata wakati wa panga na mikuki kulikuwa na mtu aliyewaza kwamba sokoni si mahali pa silaha. Majaji walio wengi waliona sheria hiyo haitoshi kuwafunga Wamarekani wa leo. Walio wachache waliona tofauti.

Basi nasi tuikopeshe Burundi njia hiyo hiyo. Tuulize historia yetu.

Kwanza ujue kwamba katiba zenye haki ya silaha ni chache mno duniani. Zinazotajwa siku zote ni tatu: Marekani, Meksiko na Guatemala. Ya Meksiko inazungumzia silaha ya nyumbani, na kuibeba nje inaiachia sheria ya kawaida. Kenya haina haki hiyo katika katiba yake, Tanzania haina, Uganda haina, Rwanda haina. Burundi nayo haina. Katiba ya 2005, na ya 2018 iliyofuata, inasema kila mwanamke na kila mwanamume ana haki ya kuishi, na inasema pia kwamba nje ya vyombo vya ulinzi na usalama vya nchi hakuna kundi jingine lenye silaha litakaloundwa. Hapo ndipo pazito. Katiba haikukupa bunduki, imekupa ahadi kwamba walio nayo watakulinda. Na historia yetu ni historia ya ahadi hiyo kuvunjwa.

Bunduki zilikuja upande wetu wa ziwa kwa njia ya Ujiji, pamoja na biashara ya pembe na watumwa. Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kuiingilia Burundi kwa nguvu za bunduki katika miaka ya 1880, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamrudisha. Wazee wa Buyenzi hawapendi sana hadithi hii, maana Uswahili wetu nao ulikuja kwa njia hiyo hiyo ya Ujiji. Lakini ni yetu. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Sehemu nyingine ya kweli ni kwamba baada ya hapo mwenye bunduki nzuri alikuwa Mzungu na askari wake. Mjerumani alipojenga boma Usumbura, bunduki iliyotembea hadharani ilikuwa ya serikali. Mbelgiji aliyefuata hakubadilisha hilo.

Sasa twende 1961. Tarehe 18 Septemba, chama cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64. Huna haja ya kuambiwa Prince Louis Rwagasore alikuwa nani kwa Buyenzi. Waswahili wa mtaa huu, wafanyabiashara na vibarua, walikuwa miongoni mwa watu wake wa kwanza. Tarehe 13 Oktoba alikuwa akila chakula cha jioni Hoteli Tanganyika. Akapigwa risasi na Mgiriki aitwaye Kageorgis. Nyuma yake walikuwa wanasiasa, lakini kidole kilichovuta kilikuwa cha raia. Hakuwa mwanajeshi wala polisi. Kageorgis aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru.

Ukisimama hapo utasema: unaona, silaha mikononi mwa raia ndiyo iliyotuulia mkombozi, basi zote zikae kwa serikali.

Usisimame hapo. Mwaka 1972, baada ya uasi ulioanza tarehe 29 Aprili kusini mwa nchi, jeshi na vijana wa chama walikwenda kutoa watu makazini, mashuleni na majumbani. Waliokufa wanahesabiwa kwa laki, na walio wengi hawakuwa na hata rungu. Na tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi, aliuawa na wanajeshi wa nchi yake kwa silaha zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi hao hao. Oktoba mbili, viongozi wawili. Wa kwanza aliuawa na raia, wa pili na wanajeshi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "serikali peke yake ndiyo ishike silaha," yule aliyempoteza baba 1972 ana haki ya kumtazama usoni na kunyamaza. Hoja ya kuwa na bunduki, hapa kwetu, haikutoka kwenye sinema za Marekani. Ilitoka kwenye makaburi yasiyo na alama.

Na tuliijaribu hoja hiyo. Baada ya 1993 silaha zilisambaa Bujumbura mtaa kwa mtaa. Kila upande uliziita za kujilinda. Kamenge walisema wanajilinda, Ngagara na Nyakabiga walisema wanajilinda. Mitaa ikawa ya kabila moja moja. Buyenzi na Bwiza zilibaki na mchanganyiko wao mpaka Machi 1995, damu ilipomwagika hapa pia na maelfu wakakimbia, wengi wakielekea Zaire. Wewe mwenye umri unakumbuka ni nani aliyemficha nani, na nyumba ipi ilifunga mlango. Mwishoni mwa miaka hiyo serikali yenyewe ilianzisha mpango wa raia kujilinda. Vijana walipewa mafunzo mafupi na bunduki, wakaitwa walinzi wa amani, na wengi wao hawakulipwa mshahara. Kijana mwenye bunduki na asiye na mshahara, usiku, njiani: huhitaji mtafiti akueleze kinachofuata. Vita vyote pamoja vinakadiriwa kuwa viliua watu 300,000. Silaha za kujilinda zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote wa historia yetu, na ulinzi haukuonekana.

Hapa ndipo naona Burundi ilijibu kwa namna yake, na jibu hilo halisifiwi inavyostahili. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na katiba iliyotokana nao, haukusema kila mtu abaki na bunduki yake kwa sababu jeshi haliaminiki. Ulisema jeshi libadilishwe liaminike: kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Badala ya kugawa bunduki kwa kila nyumba, tuligawana kambi. Wapiganaji wa CNDD-FDD waliingia jeshini na polisi baada ya makubaliano ya 2003. FNL waliweka silaha chini na kuwa chama cha siasa Aprili 2009. Walinzi wa amani walipewa faranga 100,000 na kurudi makwao. Mtu aliyemwogopa mwanajeshi kwenye kizuizi, sasa angeweza kumkuta pale kizuizini mtoto wa jirani yake.

Sisemi limekamilika. Novemba 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitoa siku tano, mpaka tarehe 7, wenye silaha wazirudishe, na familia nyingi za Bujumbura zilihama mitaa yao kabla siku hizo hazijaisha. Hofu ilirudi upesi kuliko tulivyodhani. Lakini angalia hofu ile iliuliza nini: nani anashika silaha za nchi, na anamtii nani? Ni swali la kambi na la mahakama. Bastola kiunoni mwa fundi wa gereji isingelijibu.

Tuje kwenye sheria, maana wengine mmekaa na kitu nyumbani. Tarehe 28 Agosti 2009, miaka tisa kamili baada ya Arusha, Burundi ilipata sheria ya silaha ndogo na nyepesi. Kwa sheria hii raia hana silaha kwa haki yake. Anaweza kuwa nayo kwa ruhusa, na ruhusa ina masharti. Oktoba ya mwaka huo kulifanyika kampeni ya kurudisha silaha kwa hiari, na waliorudisha walipewa vitu vya maisha kama simenti na vitenge. Kulikuwa na kazi kubwa: miaka miwili kabla yake, watafiti wa Small Arms Survey wa Geneva walikadiria kwamba nyumba zipatazo 100,000 za Burundi zilikuwa bado na silaha za moto.

Na silaha ya Bujumbura mara nyingi si bunduki. Ni guruneti. Marekani wanaweza kubishana juu ya tofauti kati ya silaha ya nyumbani na ya njiani, kwa sababu bunduki unaiona. Guruneti linaingia mfukoni. Aliye nalo nyumbani ndiye aliye nalo kwenye baa, kwenye teksi, kwenye mkutano wa siasa, kwenye ugomvi wa kiwanja. Wala halichagui. Mwizi aliyeingia sebuleni kwako, guruneti lako litamkuta pamoja na watoto wako. Sijapata kusikia hoja ya kujilinda inayoweza kusimama na chombo cha namna hiyo.

Nawajua wanaosema: wezi wa usiku wana silaha, nikirudisha yangu nabaki mtupu. Ni kweli unabaki mtupu, na mwenye kukuambia vinginevyo anakudanganya. Nakuomba uweke upande wa pili wa mizani vitu vyako mwenyewe: ugomvi wa ndoa, pombe ya shemeji, mtoto wa miaka tisa anayetafuta mpira uvunguni. Vitu hivyo viko nyumbani kila siku. Mwizi huja mara moja, na mara nyingi haji.

Basi wewe mama ambaye mzee aliondoka na kuacha kitu kimefungwa kwenye nguo kabatini, au wewe kijana uliyechimba msingi ukagonga chuma: usikifungue, usikisafishe, usimwite jirani aje aone. Guruneti lililokaa miaka 20 kwenye unyevu halina adabu. Watoe watoto, funga mlango, kamweleze kiongozi wa mtaa au polisi, ukienda na mtu unayemwamini, imamu, padri au mshingantahe, ili awe shahidi kwamba ulikuja mwenyewe kwa hiari. Waache wenye ujuzi wakifuate kilipo. Usikitie kwenye mfuko ukavuka nacho Ruvumera, hata kama nia yako ni kukirudisha.